Mwadhini na Saa ya Maji

Sauti yake ilikuwa mbaya. Naanza na hilo mapema, maana siku hizi wako watu hapa Rumonge ambao wakimtaja Mwadhini wanafuta macho na kusema alikuwa na sauti ya peponi. Hakuwa nayo. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote ya Wadachi, na kila alfajiri niliamshwa na kitu kama mlango mzito usiotiwa mafuta. Alikuwa anaanza chini vizuri tu. Akifika pale sauti inapotakiwa kupanda, ilikuwa inagawanyika, nusu inapanda na nusu inabaki chini inasubiri. Mbuzi wangu walizoea upesi. Mimi nilichelewa kidogo.

Na katika dunia hii hakuna kitu alichokipenda kuliko kuadhini. Alikuwa hali pilipili. Alikuwa anaramba asali na kutafuna tangawizi kabla ya kulala, na mchana kutwa alizungumza kwa kunong'ona ili kuitunza sauti yake, mpaka nikamwambia mkewe kwamba mali ile hakuna mwizi atakayeitaka. Msikiti wetu haukuwa na mnara, kwa hiyo alipanda juu ya kinu kikuukuu kilichogeuzwa chini juu, pale karibu na mlango. Siku moja alishikwa na homa kali, akawaomba wanaume wawili wambebe mpaka kwenye kinu na wamshikilie miguu. Wakamshikilia. Aliniambia mara moja kwamba mtu anaweza kufa bila mtoto na bila shamba, lakini kama aliwaita watu kwa Mungu, siku ya kiyama shingo yake itakuwa ndefu kuliko shingo za wengine wote. Nikamtazama shingo. Alikuwa hana kabisa. Kichwa kilikaa juu ya mabega moja kwa moja. Nikamwambia basi Mungu ana kazi.

Kazi ya mikono yake ilikuwa kushona kofia. Kofia zake zilikuwa na nakshi nzuri sana na hazikumwenea mtu. Aliyelalamika aliambiwa kwa mnong'ono kwamba kofia ni sawasawa, kichwa ndicho cha kuzoeshwa. Nusu ya mji walitembea na kofia zimewakalia utosini na nusu nyingine zimewafunika masikio, na bado waliagiza kwake, kwa kuwa walimpenda. Mimi pia nilimpenda, na sioni haya kusema. Nilikuwa napika sabuni kwa mawese na majivu ya migomba, ukuta wetu ukawa mweusi kwa moshi wangu, na hakuwahi kuniambia neno.

Jambo jingine lililojulikana ni kwamba hakusema uongo. Wengi husema hawasemi uongo. Yeye ilikuwa kama maradhi. Lakini alikuwa na ufundi wake. Askari wa boma walikuwa wakipita kukusanya wanawake wa kufyeka njia, na siku moja nilijificha nyuma ya vyungu vyangu vya sabuni. Askari akamuuliza kama nimo ndani. Akasema, "Mlango wake umefungwa tangu asubuhi." Ni kweli, nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Askari akaenda zake. Lakini ufundi huohuo ulinikosesha mume. Mfanyabiashara mmoja wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka Kabonga alikuja kuniulizia tabia kwa jirani, na Mwadhini akafikiri sana, akamjibu, "Mimi hajawahi kunipiga." Yule bwana akarudi Kabonga siku hiyohiyo.

Mkewe alikuwa mwanamke wa kijiji cha Kizuka, kutoka kwenye michikichi huko juu. Kiswahili alijifunza akiwa mkubwa, akakizungumza anavyotaka yeye. Alikuwa na mkono mmoja. Wakati huo maji yote ya mji yalitekwa ziwani, na maji ya birika la msikiti, ambalo wanaume walitawadhia, aliyateka yeye, kwa kuwa mumewe ndiye aliyekuwa na dhamana ya msikiti. Mamba alimkamata pale kwenye matete, jua limewaka, wanawake wengine wote wakiwa wamesimama palepale. Tulimvuta sisi, na mamba akavuta upande wake, na tuligawana. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Alipopona alikuwa akisema, "Mamba ile iko na mukono yangu na bangili yangu ya shaba. Mukono nimesamehe." Tulikuwa tunacheka kwa kuwa yeye alitaka tucheke. Mumewe hakucheka. Tangu siku ile hakushuka tena ufukweni, wala hakutazama ziwa. Akiwa juu ya kinu aligeuza uso upande wa kibla, na njiani alitembea ametazama miguu yake.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Bwana Mfereji. Alikuwa Mdachi mrefu mwenye ndevu za rangi ya kutu, aliyetumwa kuleta maji bomani. Alipata chemchemi mlimani, akajenga birika la matofali chini yake, akateremsha bomba la chuma mpaka boma. Mwadhini alipolisikia hilo alivaa kanzu safi akaenda bomani kuomba bomba litoe tawi moja mpaka uani kwa msikiti. Alifukuzwa. Akaenda tena. Alikwenda mara nyingi kiasi kwamba walinzi wa lango wakawa wanamwuliza habari za nyumbani. Mwisho Bwana Mfereji alichoka, akamwandikia cheti chenye muhuri wa ndege, kwamba yeye, mwadhini wa msikiti wa Rumonge, anaruhusiwa na serikali kutumia maji. Cheti hicho alikikunja akakitia ndani ya kofia, na kofia ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwenea sawasawa.

Siku bomba lilipotoa maji, alimwita mkewe mbele ya watu wote, akamfungulia, akamwambia ateke. Mkewe akajaza mtungi, akamtazama, akasema, "Murakoze, mutu wangu," ndiyo asante ya kwao, akaondoka. Kwa mwanamke yule hayo yalikuwa maneno mengi. Tangu siku hiyo wanaume walitawadha kwa maji ya bomba, na baada ya kila sala wanawake tuliingia uani na mitungi yetu. Kule kwenye matete hakuna aliyekwenda tena.

Lakini pamoja na bomba ililetwa saa ya maji. Wadachi walikuwa na jina lao la kukwaruza koo; sisi tuliita saa kwa kuwa ilikuwa ya shaba, ya mviringo, ina kioo na mshale. Ilifungwa kwenye bomba kabla ya mahali pa kufungulia, na kazi yake ilikuwa kuhesabu maji yanayopita. Bwana Mfereji alipaka alama nyekundu juu ya kioo. Sharti la cheti lilikuwa jepesi kueleweka: mshale usivuke alama nyekundu kabla ya mwezi kuandama. Ukivuka, bomba linafungwa kwa muhuri wa risasi mpaka mwezi mpya, ndipo mshale unarudishwa nyuma kwa ufunguo. Na mwenye cheti akizoea kuvusha, ananyang'anywa.

Mwadhini alilishika sharti hilo kama nguzo ya sita ya dini. Alichukua kopo, akalikata mdomo likawa kibaba kamili, na kila mtu aliyekuja kusali alimiminiwa kibaba chake kimoja cha kutawadhia, na yeye ndiye mmiminaji. Tajiri wa chumvi, ambaye alikuwa na miguu mikubwa kuliko wote mjini, alidai aongezewe. Mwadhini akamnong'oneza kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba, je, yeye ana nini cha zaidi. Tajiri akaitazama miguu yake, akakinga viganja. Sisi wanawake alitupimia mitungi vilevile, na mimi na sabuni yangu nilipigiwa hesabu mpaka nikamwita mchawi wa maji. Alinisikia kupitia ukutani. Kesho yake akanipimia kama jana yake.

Pamoja na yote hayo mshale ulikimbia. Mwezi ulikuwa haujafika nusu, na mshale ulikuwa umeshakaribia rangi nyekundu. Mwadhini akapunguza kibaba, ukakimbia. Akawakataza watoto kunywa pale, ukakimbia. Ikabidi akae mbele ya saa ile kutwa nzima na kofia anayoshona mapajani, anaitazama. Mkewe alituambia, "Bwana wangu imeoa muke mwingine. Ya shaba."

Kwa kukaa kule ndiko alikogundua. Boma lilikuwa chini yetu, na bomani walikuwa na kabichi zao, farasi wao na mabafu yao. Wakifungulia maji wote pamoja, birika la mlimani lilikauka na bomba lote likabaki tupu. Baadaye maji yakirudi, sisi tukifungulia, kwanza bomba linakohoa, halafu linatoa upepo mrefu wa kupiga mluzi, halafu ndipo maji. Na katika upepo ule ndipo mshale unapokimbia. Maji yenyewe yakianza, unatembea kwa adabu. Sisi tulikuwa tunahesabiwa upepo.

Akaenda bomani kushtaki. Mkalimani alikuwa Shaushi, mkubwa wa askari, Mwislamu mwenzetu, mtu mnene mwenye moyo laini ambaye alificha ulaini wake kwa kupiga kelele. Bwana Mfereji alisikiliza, akajibu kwamba serikali haiuzi upepo wala haitoi vyeti vya upepo, kwa hiyo saa ya serikali haiwezi kuhesabu upepo. Mwadhini akasema alikuwa na tumaini hilohilo, lakini inahesabu. Basi Bwana akasema saa itapimwa, ila kwa sheria, tangu shtaka linapoandikwa mpaka siku ya kupimwa, bomba la mwenye kushtaki linafungwa. Likafungwa.

Siku ya kupimwa watu tulijaa uani. Bomani walikuwa wamekatazwa kuoga na kumwagilia kabichi tangu siku iliyotangulia, ili birika lijae na kazi iende vizuri. Kwa hiyo bomba lilikuwa limejaa maji mpaka juu, na upepo haukuwamo hata wa kuzima mshumaa. Likaletwa pipa. Maji yakafunguliwa, pipa likajaa, mshale ukatembea kadiri ya pipa lile, haukuzidi wala haukupungua. Bwana Mfereji akauonyesha kwa kidole kwa kila mtu aliyekuwepo, na mimi pia. Mwadhini akainama, akautazama, akasema, "Leo imesema kweli." Shaushi akatafsiri kwamba imesema kweli, ile leo akaiacha. Bwana akafurahi, akampa Mwadhini mkono.

Mwezi ule ule mshale ukavuka alama. Askari akaja na risasi yake akafunga bomba, na mitungi ikaanza kushuka ziwani. Tulikwenda kwa makundi, tukipiga maji kwa fimbo kabla ya kuteka. Binti wa jirani yangu mmoja alirudi mbio, mtungi ameuacha huko, hawezi kusema alichokiona. Mbuzi wangu mmoja hakurudi. Mimi nilikuwa na hasira na Mwadhini. Nilimwambia vibaba vyake vyote havikumsaidia mtu, angetuacha tuoge mpaka mshale uvuke alama tukiwa safi.

Alasiri moja alikuwa juu ya kinu anaadhini, na mimi nilikuwa uani kwangu nachuja majivu. Nikamwona mkewe anatoka na mtungi kichwani, ameushikilia kwa mkono wake ule mmoja, anashika njia ya ziwani. Alipita mbele ya kinu pasipo kugeuka. Sauti ya Mwadhini ikakatika. Watu waliokuwa wanakuja msikitini walisimama wakidhani amepatwa na kifafa. Akaruka chini, akaacha adhana katikati, akakimbia na kanzu ameishika magotini. Nami nikakimbia nyuma yake, kwa sababu mtu hawezi kukaa na majivu mambo yakiwa hivyo.

Tulimkuta mkewe amesimama ndani ya maji, yamefika chini ya magoti, pale pale kwenye matete. Mumewe alisimama kwenye mchanga. Mkewe akasema, "Weye linda saa yako. Miye nateka maji." Akasema taratibu, kama anayeagiza chumvi. Mwadhini akaingia majini na kanzu yake. Akamnyang'anya mtungi, akaujaza, akajitwika kichwani, na mwanamume yule, na cheti cha serikali ndani ya kofia, akapita katikati ya mji wote na mtungi wa maji juu ya kichwa, jambo ambalo mwanamume hafanyi kwetu. Watoto walimfuata wakimwimba. Mkewe alitembea nyuma, mkono mtupu, na uso wake sikuweza kuusoma. Walipofika nyumbani nilisikia kupitia ukutani jinsi mume alivyosema: "Hutakwenda tena. Wallahi hutakwenda tena." Aliapa kwa sauti yake yote, hakuitunza.

Mwezi ulipoandama na bomba likafunguliwa, alisimama mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, akawaambia wanaume kwamba tangu leo hakuna atakayetawadha kwa maji. Alikuwa ameweka sinia la udongo mwekundu kutoka Kigwena. Watu watatayamamu, watapiga viganja kwenye udongo, wapake uso na mikono, wasali. Tajiri wa chumvi aliuliza kwa nini mtu apake vumbi na bomba analiona lile pale linadondoka. Sheikh wetu alikuwa mzee sana na macho yake yamekwisha, mambo ya maji yote alikuwa amemwachia Mwadhini, kwa hiyo Mwadhini ndiye aliyejibu. "Maji haya yana watu wenye kiu nayo. Maji mengine yako kule kwa mnyama. Sheria inasema ikiwa hivyo, udongo unatosha. Na huu ni msafi, nimeuchekecha mwenyewe."

Wakapaka. Jua lilikuwa kali, jasho likauloweka udongo wa Kigwena mpaka ukashika kama rangi ya nyumba. Wakatoka msikitini wote wekundu, uso na mikono mpaka viwiko.

Sasa, mambo hayo yalikuwa si miaka mingi tangu watu wa kusini huko kwa Wadachi wapigane vita vikubwa kwa sababu ya dawa ya maji, na Wazungu walikuwa bado wanashtuka wakisikia watu weusi wamepatana jambo lolote kuhusu maji. Bwana Mfereji alikuwa barazani anakunywa chai. Akamwona Shaushi wake mwenyewe anapanda ngazi, uso mwekundu kama pilipili. Akamwuliza ana nini. Shaushi akasema ni habari ya maji. Bwana akaangusha kikombe, akaamuru askari wajipange na bunduki. Wakajipanga, nao pia walikuwa wekundu.

Nimpe haki yake, alikuja. Alikuja msikitini na askari wale wale, hana wengine, akamwuliza Mwadhini maana ya rangi ile. Mwadhini akamweleza tayamamu kuanzia mwanzo: kwanza nia, kisha udongo, kisha namna ya kupaka, na ilipofika habari ya mnyama alimwita mkewe. Mkewe akaja akasimama. Bwana Mfereji akatazama pale mkono ulipokuwa. Alikaa juu ya kinu kwa muda. Kisha akasema jambo fupi, na Shaushi akatafsiri kwamba serikali haina kosa, na saa haina kosa, lakini italetwa saa nyingine.

Saa ya pili ilifungwa wiki ile. Ilikuwa kama ya kwanza, ila mshale wake haukutembea. Tulifungulia upepo, haukutembea. Tulifungulia maji, ukalala pale pale mwanzoni. Wanawake ndio tuliogundua, na tulikubaliana kutoizungumza habari hiyo hata tukiwa usingizini. Mke wa Mwadhini aliipapasa kioo akasema, "Hii iko na akili." Sinia la udongo likaondolewa. Tukateka, tukafua, nikapika sabuni nyingi kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Aliyeteseka ni Mwadhini. Alikuwa anaigonga ile saa kwa ukucha, akiiomba itembee hata kidogo. Kila mwezi ukiandama Shaushi alipita na ufunguo akauliza, "Mshale uko wapi?" na yeye akajibu, "Uko chini ya alama." Ilikuwa kweli. Shaushi, ambaye alikuwa na macho kama sisi, akashukuru akaenda. Mambo yakaenda hivyo muda mrefu, mpaka Bwana Mfereji akarudi kwao.

Aliyekuja baada yake alikuwa kijana, mfupi, msafi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu. Hakutumia mkalimani. Alitangaza sokoni kwamba maji yamepotea mengi, na kwamba tawi lolote ambalo saa yake si nzima litafukuliwa, chuma chake kipelekwe kwenye bustani ya boma. Kisha akamwita Mwadhini.

Asubuhi aliyokwenda, wanawake walijaa mlangoni kwake na mitungi. Mimi ndiye mwenye mdomo, nikamwambia asitishike, aseme kama anavyosema siku zote, mshale uko chini ya alama, basi. Mkewe alimfunga kifungo cha kanzu kwa mkono wake mmoja. Akaenda. Alirudi kabla ya adhuhuri, akasema, "Wameridhika." Tulipiga vigelegele. Nilimwambia ufundi wake ungefaa kuuzwa. Aliingia ndani akalala.

Alfajiri ya kesho yake ilikuwa sauti nyingine. Kijana mmoja mvuvi, sauti laini, inapanda bila kugawanyika. Tuliambiwa koo la Mwadhini limeharibika. Watu walimwonea huruma wakampelekea asali, lakini niseme ukweli, wengi walishukuru. Mimi mwenyewe nililala vizuri. Aliendelea kulitunza bomba, akaendelea kushona kofia, akaendelea kuitwa Mwadhini kwa kuwa hatukujua jina jingine la kumwita, na juu ya kinu hakupanda tena. Miaka ikapita.

Mwaka wa mwisho wa Wadachi, vita vikiwa vimeshafika upande wetu wa ziwa, mkewe alishikwa na homa akafa. Yule bwana kijana alikuwa ameondoka na askari kwenda kupigana, na boma lilibaki na mlinzi mmoja na kabichi. Baada ya siku za matanga nilivuka kwenda kumtazama jirani yangu. Nilimkuta amekaa mkekani, hashoni. Tukazungumza habari za marehemu, jinsi alivyokuwa akimsamehe mamba. Kwa mara ya kwanza alicheka. Nikaona sauti yake ni nzima kabisa, mbaya vilevile.

Nikamwambia, "Mbona koo limepona?"

Akasema, "Halikuumwa."

Akanieleza taratibu. Yule bwana kijana hakuuliza mshale uko wapi. Alijua Kiswahili, hakumwachia nafasi. Alimwekea msahafu mezani, akamwambia aweke mkono, ajibu ndiyo au hapana: saa ile inatembea kila maji yanapopita?

"Nikasema ndiyo," Mwadhini akasema. "Mkono juu ya msahafu. Niliyeapa hivyo, niende tena kuwaita watu kwa Mungu?"

Niliumia. Niliona haya kwa usingizi wangu wote wa miaka ile. Nikamwambia yule aliyemwapisha ameshaondoka, na mke ambaye kwa ajili yake aliapa ameshazikwa, kitandani mwake amekufa, si kwenye matete, na Mungu anapokea toba. Atubu sasa, nikamwambia, apande kinu chake, nami nitakuwa wa kwanza kuamka.

Akatikisa kichwa.

"Toba inataka mtu aazimie kutorudia. Mimi wakiniita kesho nitaapa vilevile. Sasa nikamwambie Mungu nini?"

Tukakaa. Ikafika alasiri, na yule kijana akaanza kuadhini kule msikitini, sauti nzuri, imenyooka. Mwadhini akainamisha kichwa akaitikia kila neno kwa mnong'ono, kama mtu mwingine yeyote aliyeitwa.